Namna ya kupanga skwizi kwenye briji ukiwa wewe ndo mwenye kontrakti

Hii nawaandikia wenzangu ambao briji, ule mchezo wa karata wa watu wanne wawili wawili, mshaijua, kunadi mwajua, dami (mwenza wa mwenye kontrakti, anaelaza karata zake mezani) mwamjua, finesi mwaijaribu kila siku, lakini skwizi, yaani kumbana mpinzani mpaka atupe karata anayoihitaji, ikitajwa mwasema hiyo tuwaachie mabingwa. Si hivo. Mimi nimejifunza barazani hapa Lamu, mtaa wa Langoni, karata zenyewe pembe zishalegea kwa chumvi ya bahari, na alienifundisha ni ami yangu, ambae briji aliipata miaka ile akifanya kazi hotelini Malindi, alikuwa akisimama na sinia lake akiangalia wageni wakicheza mpaka usiku mmoja wakakosa mtu wa nne wakamwita akae. Alichoniambia siku ya kwanza ndo hicho hicho nataka kuwaambia na nyinyi: skwizi haitokei mwisho, skwizi yapangwa mapema, pale pale dami anapofungua karata zake mezani. Na kazi yake ni mbili tu, kumpa mpinzani mapema ile triki moja (mzunguko mmoja wa karata nne) ambayo lazima umpe, na kuilinda njia yako ya kurudi nyumbani.

Maneno kwanza tusije tukapotezana. Nikisema A ni esi, K ni kingi, Q ni kwini, J ni jeki. Aina za karata ni zetu zile zile, kopa, shupaza, uru na pau, na hizi zimetoka kwa Wareno tangu zamani, wao wasema copas, espadas, ouros, paus, na hata turufu ni trunfo yao, jamaa ambao Vasco da Gama wao alitia nanga Malindi 1498. Kwa hivo mtu akikwambia karata si mchezo wa pwani mwambie asikilize majina yake. Briji ya kontrakti ndo ya juzi juzi, Harold Vanderbilt aliipanga namna ya kuhesabu pointi zake 1925 akiwa safarini melini kupitia Panama, na mimi hilo lanipendeza kwamba mchezo huu ulitengenezwa baharini.

Haya, skwizi ni nini. Mpinzani mmoja ashika ulinzi wa aina mbili. Wewe wacheza karata yako nzuri ya aina ya tatu ambayo yeye hana, sasa lazima atupe kitu, na kila alichobaki nacho ni cha muhimu. Akitupa huku wewe wala huku, akitupa kule wewe wala kule. Wahenga walishasema mshika mbili moja humponyoka, na mimi kila nikiona mbano, yaani skwizi, ukikamilika mezani msemo huo ndo wanijia.

Usisome tu, chukua karata uzitandaze kwenye mkeka. Dami mpe kopa A na J pamoja na shupaza 8. Wewe jipe kopa 2, uru 4 na pau Q, tuseme pau kubwa zote zishatoka kwa hivo Q yako yala, na hakuna turufu. Alie kushoto kwako mpe kopa K na Q na shupaza 9. Wa kulia mpe uru zozote tatu. Zamu ni yako. Ukihesabu triki za wazi unazo mbili, esi ya kopa na kwini ya pau. Sasa cheza kwini ya pau uangalie wa kushoto afanyeje. Akitupa shupaza 9, dami atupa jeki ya kopa, wala esi ya kopa, alafu shupaza 8 imekuwa kubwa. Akitupa kopa moja, dami atupa ile shupaza 8, wala esi, na jeki yako yasimama. Triki mbili zimekuwa tatu na hujamuomba mtu kitu.

Sasa fanya jambo moja zaidi, na hili usiliruke. Zile karata za wa kushoto mpe wa kulia. Cheza tena kwini ya pau. Utaona imekwama, manake sasa dami yuwatupa kabla ya yule anaebanwa, na dami akishatupa shupaza wa kulia nae atupa shupaza, akitupa kopa na yeye atupa kopa, yuwaangalia tu. Vitisho vyote viwili, yaani zile karata zinazongoja mlinzi wake atupe, viko kwa dami ndo maana. Rekebisha hivi: ile shupaza 8 ichukue wewe mkononi, dami mpe uru 4 isiyo na kazi. Rudia. Sasa yafanya kazi kwa yeyote, awe kushoto awe kulia, kwa sababu dami ana takataka ya kutupa na kitisho kimoja umekishika wewe. Kwa hivo ukiwa na uchaguzi, gawanya vitisho, kimoja huku kimoja kule. Mimi nilikaa na hizi karata chache siku mbili nzima, nikizigeuza geuza, mpaka ikaniingia, na nawaambia bila hizo siku mbili mengine yote yangekuwa kelele.

Basi kabla hujacheza karata ya kwanza kutoka kwa dami, jiulize. Je nimekosa triki moja tu? Je niko na vitisho viwili, karata ambazo saa hii si kubwa lakini zitakuwa kubwa kama mlinzi wake akitupa? Je huenda mtu mmoja ndo analinda vyote viwili? Na je, ile siku ya mwisho nitafika kwenye kile kitisho, ama kitakuwa kizuri lakini kiko upande wa pili na mimi sina daraja? Hilo la mwisho ndo linaloua watu.

Twende kwenye mkono mzima. Huu nimeupanga makusudi, kontrakti (ahadi ya triki tutakazokula) ni 6 bila turufu, yaani triki 12 kati ya 13, na mimi nimekaa Kusini.

Dami (Kaskazini)
Shupaza 7 5 3
Kopa A K 6 4
Uru K Q 5
Pau K J 8

Mimi (Kusini)
Shupaza A K 8 4
Kopa Q 7 2
Uru A 6 2
Pau A Q 10

Mnada haukuwa na maneno mengi, dami ana pointi 16 mimi 19 (esi 4, kingi 3, kwini 2, jeki 1), jumla 35, kwa hivo slemu ndogo, hizo triki 12, twaitaka wote. Magharibi aanza na jeki ya uru. Hesabu sasa kabla ya kugusa kitu: shupaza mbili, kopa tatu, uru tatu, pau tatu, jumla 11. Twataka 12. Moja yapungua.

Mtu wa haraka hapa atasema kopa zikigawika 3-3 basi ya nne yangu yala. Ni kweli, lakini karata sita za wapinzani zagawika 3-3 kama mara 36 katika 100 tu, zile za 4-2 ni kama mara 48. Ukitegemea hilo peke yake wajitoa mhanga bure, manake mkono huu una zaidi. Una kopa ya nne kwa dami, hicho ni kitisho. Una shupaza ya nne mkononi mwako, hicho ni kitisho cha pili. Viko pande mbili tofauti, vile twapenda. Kilichobaki ni hesabu.

Hesabu hapa namaanisha hivi. Kwenye ule mfano wa mkeka, saa ya kubana mpinzani hakuwa na hata karata moja ya bure. Sisi hapa twataka 12, kwa hivo twaruhusiwa kupoteza moja, na hiyo moja tusipoipoteza mapema, saa ya mbano Magharibi atakuwa na karata moja ya ziada ya kutupa akiwa amestarehe, na mbano wote wapotea. Lazima umpe. Watu wengi hapa ndo roho yawauma, mtu yuwaona aja na triki 11 mkononi kisha umwambie atoe moja kwa hiari yake, ataka kushikilia kila kitu mpaka mwisho ambapo ampa tu mpinzani na hapati chochote badala yake. Mpe mapema, wakati bado una esi ama kingi ya kila aina na hana la kukufanya.

Mpe kwa shupaza, kwa sababu shupaza zikiwa 3-3 ile ya nne yako itasimama yenyewe na hutahitaji mbano wowote. Kwa hivo kula jeki ya uru kwa esi yako, alafu triki ya pili toa shupaza 4 na kwa dami weka 3. Magharibi aweka 2, Mashariki ala kwa 10. Mashariki arudisha uru ndogo, wala kwa kingi ya dami. Sasa dami atoa shupaza 5, Mashariki aweka jeki, wala kwa esi, Magharibi aweka 6. Cheza kingi ya shupaza, Magharibi aweka 9, na Mashariki atupa pau ndogo.

Simama hapo. Mashariki alikuwa na shupaza mbili tu, kwa hivo Magharibi alikuwa na nne, na kwini yuko kwake. Ile 8 yako sasa yalindwa na mtu mmoja tu duniani, na humuulizi mtu, umeona kwa macho yako. Swali lililobaki ni kopa, kama Magharibi ndie alie na kopa nne ama zaidi basi amekwisha, na kama kopa ni 3-3 pia umefaulu. Kwa hivo wangoja mambo mawili kwa pamoja na yote yachezwa kwa njia moja, hii ndo raha ya mbano, huhitaji kuchagua.

Njia yenyewe: toa pau 10 uende kwa kingi ya dami. Kula kwini ya uru hapo hapo kwa dami. Toa pau 8 urudi kwa esi yako. Sasa uko mkononi, na karata zimebaki tano tano. Dami ana kopa zake nne na jeki ya pau. Wewe una shupaza 8, kopa Q 7 2 na kwini ya pau. Magharibi, nimfungue sasa mumuone, ana kwini ya shupaza na kopa J 9 8 5. Cheza kwini ya pau. Magharibi hana pau tena, alikuwa na mbili. Akitupa kwini ya shupaza, 8 yako yala na kopa tatu zaja nyuma yake. Akitupa kopa, wala kwini ya kopa, waenda kwa esi, kingi, na ile 6 ndogo kabisa ya dami ndo triki ya kumi na mbili. Napenda sana ikiwa ni ile 6. Esi kila mtu ajua kula nayo.

Kuna kitu watu huogopa, wasema mimi siwezi kukumbuka karata zote 52. Hakuna haja. Saa ya mbano angalia kitu kimoja tu: kwini ya shupaza imetupwa ama haijatupwa? Imetupwa, cheza 8. Haijatupwa, sahau shupaza kabisa, cheza kopa kutoka juu kwenda chini. Huna haja ya kujua Magharibi ametupa kopa ngapi, kama ameshika kwini ya shupaza basi nafasi za kopa hana za kutosha. Ikiwa kopa hazikuanguka, basi walikuwa wawili wakilinda, mmoja huku mwingine kule, na mkono huo haukuwa na dawa hiyo.

Sasa niwaambie vile mimi mwenyewe nilivyoupoteza mkono wa namna hii, maana karata zake nazijua mpaka leo kama najua ngazi za nyumbani. Ilikuwa Malindi, nyumba ya jamaa karibu na ile nguzo ya Vasco da Gama, upepo wa kusi wapiga mpaka tuliwekea karata vijiwe, ami ndie mwenza wangu kwa hivo yeye ndie dami. Nilianza vizuri, uru nikala, shupaza nikampa mapema, esi na kingi nikacheza, nikaona Magharibi ana kwini. Alafu moyo ukanipanda, nikataka kuona kopa zaendaje, nikala kwini ya kopa. Haikuwa na dhara papo hapo. Baada yake nikala esi ya pau, nikatoa pau 10 kwenda kwa jeki ya dami, nikala kwini ya uru, na nilipokuwa hapo kwa dami nikacheza kingi ya pau, kwini yangu ya pau ikaenda chini yake. Magharibi akabanwa kweli, alikuwa na kwini ya shupaza na kopa tatu, akatupa kwini ya shupaza, na shupaza 8 yangu ikawa kubwa kuliko zote. Na niko kwa dami. Dami ana kopa A K 6, mimi nina shupaza 8 na kopa 7 2. Sina karata ya kunirudisha mkononi. Nikala esi, nikala kingi, na ile 8 ikabaki mkononi nikiitazama mpaka triki ya mwisho, ikaanguka juu ya kopa. Triki 11.

Ami hakusema kitu mpaka kahawa ikaletwa. Alafu akaniuliza, "Mwanangu, ile kwini ya kopa ilikusumbua nini?"

Nikamwambia, "Ami, nilitaka kujua kopa zimegawikaje."

"Kwini ya kopa ndo ngazi yako ya kushukia. Umeitoa na wewe bado uko darini."

Na ni kweli kabisa, jaribuni wenyewe. Rudieni mkono ule ule, malizieni kwa dami kwa kingi ya pau vile nilivyofanya mimi, lakini kwini ya kopa muiwache mkononi. Magharibi akitupa kwini ya shupaza, dami atoa kopa 4 kwenda kwa kwini, wala 8, warudi kwa esi na kingi ya kopa. Yafanya kazi. Kwa hivo kuna njia mbili za kujiokoa, ama umalize ukiwa upande wa kitisho cha peke yake, ama uache karata kubwa ya kukupeleka huko, na mtu mwangalifu afanya zote mbili. Tangu siku ile kila nikipanga skwizi, kitu cha kwanza natafuta ni ngazi, hata kabla ya vitisho.

Liko jambo jingine linalofanana na hili nalitaja kwa ufupi, waliita mbinu ya Vienna. Tuseme dami ana esi ya kopa na wewe una kwini ya kopa na ndogo, na kingi iko kwa mpinzani unaetaka kumbana. Ukiiwacha ile esi pale mpaka mwisho, yaziba njia, kwini yako haiwezi kula hata kingi ikitupwa. Kwa hivo waicheza esi mapema, wajua kabisa kwamba kingi yao sasa imekuwa kubwa, na kwini yako imegeuka kitisho kilicho huru mkononi mwako. Mara ya kwanza mkono watetemeka kuicheza. Icheze, bora tu uwe umehakikisha triki yako ya kupoteza ishapotezwa na kitisho cha pili kina njia yake.

Na karata za wapinzani wanapotupa, waangalie pia vile wanavyotupa. Mtu asie na kitu atupa mara moja. Mtu alieanza kubanwa hushika karata hii, airudisha, ashika ile, ainama. Sisemi ucheze kwa uso wa mtu, cheza kwa hesabu, lakini ukiona hivo triki mbili kabla ya wakati ujue umempanga sawasawa.

Kwa mazoezi, chukueni ule mkono wangu wa 6 bila turufu. Magharibi mpeni shupaza Q 9 6 2, kopa J 9 8 5, uru J 10 9, pau 9 4, zilizobaki zote ni za Mashariki. Chezeni mara moja kama nilivyoeleza. Mara ya pili msimpe ile shupaza, kuleni kila kitu kutoka juu muone Magharibi anavyopumua. Mara ya tatu badilisheni, karata zote za Magharibi ziende Mashariki na za Mashariki zije Magharibi, muone kwamba mbano wafanya kazi vile vile kwa sababu shupaza 8 iko kwako na kopa iko kwa dami. Alafu mara ya nne gaweni kopa za wapinzani upya, J 9 8 5 ziende Mashariki, 10 3 zije Magharibi pamoja na pau mbili ndogo za Mashariki, na shupaza nne zibaki Magharibi, mkaone vile hakuna anaebanika, kila mmoja ashika lake.